Kidole Kikikatika, Usikitie Kwenye Barafu

Simu ililia Jumamosi moja saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani Kawangware. Aliyepiga hakuwa mpwa wangu bali mwenzake wa kazi, na maneno yake yalikuwa machache: "Mzee, mashine imemkata kijana wako kidole. Njoo haraka."

Mpwa wangu ni seremala. Alitoka Lamu miaka minne iliyopita na ufundi aliorithi kwa babake, akapata nafasi kwenye kibanda kimoja cha fanicha kando ya Barabara ya Ngong. Anayeijua Nairobi anapajua mahali penyewe. Ukitoka katikati ya jiji na matatu namba 111, ukaiacha Hospitali ya Kenyatta upande wa kushoto na kuendelea magharibi, unaanza kuona vitanda, makochi na makabati yamepangwa nje hadi karibu na lami. Mnunuzi huona vanishi inayong'aa. Kazi yenyewe iko nyuma, kwenye msumeno wa umeme ambao kifuniko chake cha kukinga mkono kilishatolewa zamani, eti kinachelewesha kazi.

Kidole kilichokatika kilikuwa gumba cha mkono wa kushoto.

Nilipofika, wenzake walikuwa wamefanya kila walichodhani ni sawa, nami sikuwa na akili zaidi yao. Walimfunga mkono kwa kitambaa cha kufutia vanishi. Kidole walikiokota kwenye vumbi la mbao, wakakiosha kwenye mfereji, kisha wakakitumbukiza kwenye kopo la maji na mabonge ya barafu waliyopewa na muuza soda. Mimi mwenyewe nililishika lile kopo garini kama amana, nikiongeza barafu kila ilipoyeyuka. Kliniki ya kwanza walimdunga sindano ya pepopunda, wakambadilishia bandeji na kutuambia twende hospitali kubwa. Ya pili walitaka malipo ya mwanzo kabla hawajamgusa, tukakaa pale masaa mawili na zaidi tukichangishana kwa simu. Ya tatu tulifika jua linazama.

Daktari wa hospitali hiyo ya tatu, kijana mpole, alikitoa kidole kwenye kopo, akakigeuza chini ya taa na kukinyamazia kwa muda. Kisha akaniuliza, "Nani aliyekitia kwenye barafu?" Nikasema sote. Akasema kimelowa maji na kimeungua kwa baridi, na mishipa yake haiwezi kushonwa tena. Saa hazikuwa zimepita kiasi cha kukata tamaa, akaniambia. Kidole kilichokatwa na msumeno kilikuwa na nafasi yake, ingawa si kubwa kama kilichokatwa kwa kisu kikali. Tatizo lilikuwa lile kopo.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, kwa uchungu wa mtu aliyelishika kopo mwenyewe. Nimeona niwaandikie ndugu zangu wa Pwani, kwa sababu kwetu kuna maseremala, kuna mashine za kusaga barafu za wavuvi, kuna mapanga ya kufulia nazi, na katika kila nyumba kuna mtu anayeamini kwamba kiungo kilichokatika dawa yake ni barafu tupu.

Kwanza tuuelewe mkono wenyewe. Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole una mifupa 27: minane midogo ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Gumba lina miwili tu, vidole vingine vina mitatu mitatu. Lakini ajabu ya mkono haiko kwenye mifupa. Vidole havina msuli wa kuvikunja. Ukitaka ushahidi, ushike mkono wako wa kushoto kati ya kiwiko na kifundo, kisha uvichezeshe vidole vya kushoto. Utahisi nyama ya huko juu ndiyo inayocheza. Nguvu iko juu, nayo hufika vidoleni kwa kamba ngumu nyeupe ziitwazo kano, ambazo hupita ndani ya mifereji myembamba kama kamba ya tanga inavyopita kwenye roda. Kando ya kila kidole hupita mishipa miwili ya damu na mishipa ya fahamu ya kukufanya uhisi moto, baridi, hariri na mwiba. Mishipa hiyo ya damu kwenye kidole ina upana wa kama milimita moja.

Hiyo milimita moja ndiyo inayoamua kila kitu. Kukirudisha kidole si kushona ngozi kwa ngozi. Daktari huiunganisha kwanza mifupa kwa vyuma vyembamba, kisha hushona kano, kisha huingia chini ya hadubini na kushona mishipa ya damu na ya fahamu kwa uzi mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Mshipa wa kupeleka damu ukishonwa peke yake haitoshi. Lazima na ule wa kuirudisha damu ufunguke, la sivyo kidole huvimba na kugeuka zambarau. Hadi leo kuna hospitali duniani ambazo hali hiyo ikitokea huweka ruba juu ya kidole ili wafyonze damu iliyokwama. Bibi zetu wangecheka wakisikia kwamba ruba wamerudi hospitalini.

Elimu hii si ya kale. Mkono mzima uliokatika karibu na bega ulirudishwa kwa mara ya kwanza Boston, Marekani, mwaka 1962, kwa mtoto wa miaka 12. Mwaka uliofuata madaktari wa Shanghai, wakiongozwa na Chen Zhongwei, wakaurudisha mkono wa mfanyakazi wa kiwandani. Kidole gumba kilichokatika kabisa kilirudishwa Japani mwaka 1965 na Komatsu na Tamai, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba hata mshipa wa milimita moja unaweza kushonwa ukapitisha damu.

Na kwetu? Wengi mtakumbuka habari za mwisho wa Januari 2018. Kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu alikatwa mkono na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ukatoka kabisa. Akafikishwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pamoja na mkono wake, na madaktari, Dkt. Ferdinand Nang'ole akiwa miongoni mwao, wakaushona kwa muda wa kama masaa saba. Hospitali ilitangaza kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa upasuaji wa namna hiyo kufanikiwa nchini. Magazetini sifa zilikwenda kwa madaktari, na walizistahili. Ila nikiifikiria habari ile sasa, ninawaza zaidi juu ya watu waliomleta. Mkono ule ungefika kama kidole cha mpwa wangu kilivyofika, madaktari wangeosha mikono yao wakaenda kulala.

Sababu ni hii. Nyama iliyokatika haifi papo hapo. Inakufa polepole kwa kukosa hewa inayoletwa na damu, na msuli ndio unaokufa haraka zaidi. Mkono mzima una misuli midogo ndani ya kiganja, kwa hiyo ukikaa kwenye joto la kawaida, madaktari huhesabu kama masaa sita tu. Ukihifadhiwa kwenye ubaridi unaofaa, muda huo huongezeka hadi kama masaa 12. Kidole hakina msuli, kwa hiyo ni mvumilivu zaidi: masaa kama 12 kwenye joto na hata 24 kwenye ubaridi. Lakini ubaridi si barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja, maji yaliyomo ndani ya nyama hugeuka vipande vya barafu na kuipasua kutoka ndani, kama chupa ya maji inavyopasuka ukiisahau kwenye friza. Na kidole kikiloweshwa majini hunyonya maji kama mkate, na mishipa yake huvimba. Sisi tulimfanyia mpwa wangu yote mawili kwa pamoja.

Kinachotakiwa ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kidole kikiwa na uchafu, kisuuze taratibu kwa maji safi bila kukisugua. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji safi na ukikamue, kisha ukifunge kidole ndani yake. Tia furushi hilo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji na uufunge vizuri. Mfuko huo ndio unaowekwa juu ya barafu iliyochanganywa na maji, kwenye kopo jingine, ndoo au jokofu dogo la kubebea soda. Kidole kisiguse barafu wala maji. Andika saa ya ajali kwenye karatasi na uibandike juu yake. Usitie spiriti, usitie mafuta ya taa, usitie chumvi.

Mgonjwa mwenyewe akandamizwe jeraha kwa kitambaa safi, bila kufungua kila dakika kuchungulia, na mkono uinuliwe juu ya kifua. Damu ya kidole hutisha lakini karibu kila mara husimama kwa kukandamizwa. Pete zivuliwe mapema, hata za vidole visivyoumia, maana mkono ukivimba zitakatwa kwa koleo. Kama kidole kinaning'inia kwa ngozi, hata kama ni kiuzi tu, msikikate. Ndani ya kile kiuzi pengine kuna mshipa unaopitisha damu. Kahawa, unga, majivu na utando wa buibui vibaki jikoni na darini. Na mgonjwa asile wala asinywe kitu, kwa sababu chai ya kumtuliza inaweza kuwa sababu ya kucheleweshwa kuingia chumba cha upasuaji.

Jambo jingine ni njia. Sisi tulipitia kliniki kwa sababu ilikuwa karibu. Laiti tungepiga simu kwanza kwenye hospitali kubwa tukauliza, "Je, mnaye daktari wa upasuaji wa mikono au wa kurekebisha maumbile leo?" tungejua pa kuelekea. Kwa walioko Mombasa, swali hilo hilo liulizwe kwa wale wa hospitali kuu tunayoiita Makadara kabla gari halijaanza kuzunguka. Si kila kidole hurudishwa. Kidole kimoja cha kati cha mtu mzima, kilichokatika karibu na kiganja, mara nyingi madaktari hushauri kisirudishwe, kwa kuwa kitabaki kigumu na kuzuia vingine. Lakini gumba, vidole vingi kwa pamoja, kiganja kizima, au kidole chochote cha mtoto, hivyo hujaribiwa. Mwache daktari aamue. Kazi yetu ni kumfikishia kitu cha kuamulia.

Gumba lina heshima yake. Madaktari husema karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono hufanywa nalo. Fungua kifungo, geuza ufunguo, shika kikombe, hesabu noti, halafu jaribu tena ukiwa umelikunja ndani. Kenya inayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yenye jedwali linalopima ulemavu kiungo kwa kiungo, vidole vikiwemo. Mpwa wangu hulipwa kwa kila kitanda, hana karatasi ya kazi, na mwenye kibanda alimpa pole na nauli. Habari hiyo ina siku yake.

Alilazwa siku tano. Jeraha lilifunikwa kwa ngozi, akafundishwa mazoezi. Katika siku hizo shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni. Ana miaka 63, na sukari ameishi nayo mwaka wa 11 sasa. Kila simu aliuliza habari ya kijana, akamuombea, akaniuliza kama nimekula. Siku ya nne nikamsikia akibadilisha simu kwa mkono mwingine na kuguna. Nikauliza kuna nini. "Si kitu mwanangu, ni mwiba wa tafi tu."

Mwiba ulimchoma kidole kidogo cha mkono wa kulia akiparua samaki. Siku hiyo alipaka manjano na mafuta. Siku ya pili kidole kilivimba, akakifunga jani. Siku ya tatu hakikuuma sana, akafurahi. Hiyo siku ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa nimekaa hospitalini Nairobi nikijutia kopo la barafu, huku mkono mwingine wa jamaa yetu ukiharibika kwa simu.

Tafi ana miba yenye sumu, kila mvuvi analijua hilo. Sumu yake hulegea kwa maji ya moto ya kuvumilika, na ndiyo maana wazee huzamisha mkono humo, nao wako sawa. Lakini mwenye sukari asipime moto wa maji kwa mkono wake mwenyewe. Huenda mkono huo hausikii, akajichoma bila kujua. Ampimie mtu mwingine. Na maji hayo hutuliza sumu peke yake. Vijidudu vilivyoingia na mwiba vinabaki.

Hapa ndipo utafiti wa jirani zetu unapotufaa. Tumezoea kusikia kwamba sukari hula miguu. Mwaka 1984 madaktari wa Nigeria waliandika juu ya wagonjwa wa sukari ambao mikono yao ilioza baada ya majeraha madogo. Kisha Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wakaanza kuwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 2002 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikachapisha taarifa juu ya hali hiyo katika jiji hilo. Waliiita ugonjwa wa mkono wa kisukari wa nchi za joto. Mwanzo wake ni kitu cha kupuuzwa: kuumwa na mdudu, mkwaruzo, mwiba. Wengine hawakukumbuka hata walichojikuna nacho. Mwisho wake, kwa waliochelewa, ulikuwa kukatwa kidole au mkono, na wengine walifariki. Sukari isiyodhibitiwa ilikuwapo, na kuchelewa kulikuwapo. Itazameni kwenye ramani Dar es Salaam: ni mji wa pwani, joto na jasho na samaki kama kwetu.

Kwa nini mkono? Sukari ikikaa juu kwa miaka huidhoofisha mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu ambayo yangekukimbiza hospitalini hayaji, au yanakuja kisha yanapoa. Askari wa mwili wanaopambana na vijidudu nao huwa wazito. Na ile mifereji ya kano niliyoitaja mwanzo, usaha ukishaingia humo hauna kizuizi. Wa kidole kidogo na wa gumba mara nyingi hufika hadi kwenye kifundo. Kwa hiyo mwiba wa kidole kidogo unaweza kuonekana kiganjani, na hata upande wa gumba, kabla hujamaliza wiki.

Daktari mmoja wa Chicago, Allen Kanavel, aliandika ishara nne za kutambua kwamba usaha umeingia kwenye mfereji wa kano, na hadi leo madaktari huzitumia. Kidole hukaa kimejikunja kidogo chenyewe. Kimevimba chote kama soseji, si mahali pamoja. Kinauma ukikibonyeza upande wa kiganja kwa urefu wake wote. Na mtu akikinyoosha kwa ajili yako, maumivu hukurusha. Ukiona hata moja kati ya hizo, usilale nazo. Huo si ule mdudu wa kidole wa kawaida kando ya ukucha, ambao wazee wanauita kaka. Vidonge pekee mara nyingi havitoshi. Inabidi mfereji ufunguliwe na kuoshwa. Ila mwenye sukari asizisubiri ishara hizi, kwa sababu ile ya maumivu inaweza isimfikie.

Shangazi nilimkemea kwa simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, na sikuona raha. Binti yake alimpeleka hospitali jioni ile ile. Sukari yake ilikuwa juu sana. Walimfungua kidole na sehemu ya kiganja, wakaosha, wakarudia tena baada ya siku mbili. Kidole kidogo kilikatwa kwenye kiungo cha kati. Mkono ulibaki. Daktari alimwambia binti yake kwamba siku mbili mapema zingekiokoa kidole, na siku mbili baadaye angekuwa anazungumza habari ya kifundo.

Kuna alama nyingine za mkono wa mwenye sukari ambazo hazina haraka kama hiyo ila hutangulia. Bandika viganja vyako kimoja juu ya kingine, vidole vimenyooka. Kama vinaacha upenyo katikati na havilali sawasawa, ngozi na viungo vimeanza kukakamaa. Kidole kinachokwama kikikunjwa, kisha kikaachia kwa mlio, nacho huwapata zaidi wenye sukari. Na ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Huwapata pia wajawazito na wanaoshona au kutumia chombo kinachotetemeka. Bandeji ngumu ya kufunga kifundo wakati wa kulala huwasaidia wengi. Ukiuachia miaka, nyama iliyo chini ya gumba husinyaa, na hiyo hairudi kwa urahisi. Wengi wetu huita yote hayo baridi yabisi, tukapaka dawa ya kuchua na kuendelea.

Huo ni mkono wa shangazi. Sasa nirudi Barabara ya Ngong.

Mpwa wangu alirudi kazini mwezi wa tatu. Amejifunza kubana patasi kati ya shahada na kiganja. Vitanda anatengeneza, nakshi hawezi tena, na nakshi ndiyo aliyotoka nayo Lamu. Kifuniko cha msumeno amekirudisha mwenyewe kwa skrubu nne, na wenzake wanamlaumu kwamba kazi imekuwa polepole. Juu ya ukuta wa kibanda, kando ya kalenda, kuna mfuko safi wa plastiki na kitambaa kilichokunjwa. Nimeviweka mimi.

Mwezi uliopita daktari alimpa habari ambayo imeigawa familia. Kuna upasuaji wa kuchukua kidole cha mguu na kukipandikiza mkononi kiwe gumba. Ulifanywa Uingereza mwaka 1968 na Cobbett, na tangu hapo umefanywa duniani mara nyingi. Mtu hutembea vizuri baadaye, kidole kipya hushika, na hisia hurudi kiasi, kwa mwendo wa taratibu sana: mshipa wa fahamu hukua kama milimita moja kwa siku. Atakaa nje ya kazi kwa miezi, na gharama yake tunaihesabu bado.

Babake amekataa katakata. Anasema mguu umeumbwa mguu. Shangazi, aliyepoteza cha kwake kwa mwiba, anasema kijana apewe na michango ianze kwake. Mwenyewe hajasema kitu. Jumapili nilimkuta nje ya kibanda amevua kiatu, anaupimia mguu wa kushoto kwa kile kipimo cha chuma cha maseremala, kidole kikubwa kisha cha pili. Akaniuliza, "Mjomba, hivi cha pili hakingetosha?"

Nikamwambia tutamuuliza daktari Alhamisi.